Matokeo ya utafiti tunayashabikia, kipimo chake hatukiulizi: risasi, ozoni, vidonda vya tumbo na maji ya wakimbiaji

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nina miaka kumi na moja kwenye maabara, kazi yangu ni kupima metali kwenye maji na kwenye damu. Haipiti wiki bila mtu kunitumia habari inayoanza na "watafiti wamegundua". Leo kahawa inaua, keshokutwa kahawa inaponya. Chini yake watu mia mbili wanagombana. Wanagombania matokeo tu. Sijaona hata mmoja akiuliza: hao watu walipimaje? Hilo limeniuma muda mrefu, ndiyo maana nimeamua kufungua uzi. Ni mrefu, vumilieni.

Naanza na kitu kidogo kinachoitwa blanki. Unachukua maji yaliyosafishwa hadi hayana kitu, unayapitisha njia ileile inayopita sampuli: chupa ileile, asidi ileile, pipeti ileile, mashine ileile. Mashine inatakiwa isome sifuri au jirani kabisa na sifuri. Ikisoma zaidi ya hapo, ujue uchafu umetoka kwako mwenyewe.

Kuna kipindi blanki zangu za zinki ziligoma kushuka. Nikabadilisha maji, wapi. Nikafungua asidi mpya, wapi. Nikaloweka chupa zote kwenye asidi usiku kucha, asubuhi namba ni ileile. Siku ya tisa boksi la glavu likaisha, nikafungua boksi jingine, glavu zisizo na unga. Blanki ikashuka saa hiyohiyo. Zinki ilikuwa kwenye ule unga mweupe unaopakwa ndani ya glavu ili zivalike kirahisi. Majibu yote ya siku zile niliyafuta, nikapima upya sampuli moja baada ya nyingine. Fikiria ningekuwa situmii blanki: ningeandika kwamba watu wale wana zinki nyingi mwilini, na namba zingependeza tu kwenye jedwali.

Sasa njooni kwa mtu ambaye mimi namheshimu kuliko watafiti wote, mkemia wa Marekani Clair Patterson. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa mwanafunzi Chicago, akapewa kazi ya kupima risasi (ile metali, si ya bunduki) kwenye vichembe vya mwamba. Urani, metali yenye mionzi, huoza taratibu na kugeuka risasi, kwa hiyo ukijua kiasi cha risasi na aina zake unaweza kukokotoa umri wa mwamba, na hatimaye umri wa dunia. Kazi iliyoonekana ya miezi ikamla miaka. Kila akipima, risasi inazidi kiasi kinachowezekana. Ilikuwa kwenye maji ya bomba, kwenye vyombo vya kioo, kwenye vumbi, kwenye ngozi na nywele zake mwenyewe. Mtu mwingine angetoa wastani akaendelea na maisha. Patterson alihamia California, akajenga chumba cha maabara ambacho hewa yake inachujwa, na kila anayeingia anajifunika mwili mzima. Mwaka 1956 akachapisha umri wa dunia kutokana na risasi ya kwenye vimondo: miaka bilioni 4.55. Namba hiyo haijasogea sana mpaka leo.

Ila hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Alijiuliza, risasi yote hii iliyokuwa inanisumbua imetoka wapi? Akapima bahari: maji ya juu yana risasi nyingi kuliko maji ya kina kirefu. Maana yake mzigo umeingia karibuni, haujapata muda wa kuzama. Akapima barafu ya Greenland, ambayo kila tabaka lake ni la miaka yake, akakuta risasi imepanda na kupanda zaidi kadiri unavyokaribia zama zetu. Tangu 1923 petroli ilikuwa inauzwa ikiwa imetiwa kiambata cha risasi ili injini isigonge. Kila gari lilikuwa linapuliza risasi hewani, na watoto wanavuta.

Wataalamu waliolipwa na wenye viwanda walikuwa wanasema risasi mwilini ni jambo la kawaida, kwa sababu kila mtu waliyempima anayo. Hebu tulieni na sentensi hiyo. Kila mtu alikuwa nayo kwa sababu kila mtu alikuwa amechafuliwa. Blanki yao ilikuwa chafu! Hawakuwa na mtu msafi wa kulinganisha naye, ndipo wakaita uchafu "kawaida". Mwaka 1965 Patterson aliandika waziwazi kwamba kawaida na asilia ni vitu viwili tofauti, akapoteza fedha za utafiti.

Mwaka 1979 daktari wa Marekani, Herbert Needleman, akaja na ushahidi wa kitabibu. Alikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka ya watoto wa shule, akapima risasi ndani yake. Jino linatunza kumbukumbu kuliko damu, kwa sababu damu inakuonyesha ya wiki chache tu zilizopita. Watoto wenye risasi nyingi kwenye meno, ambao hakuna aliyewahi kuwaita wagonjwa, walikuwa nyuma kwenye vipimo vya akili na umakini darasani. Marekani walipoanza kupunguza risasi kwenye petroli, wastani wa risasi kwenye damu za watu wao ukashuka kutoka mikrogramu 12.8 kwa desilita mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 2.8 miaka kama kumi baadaye. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli ya magari yenye risasi ni Algeria, mwaka 2021. Mwaka 2021, wakuu!

Na yote yalianza na mtu mmoja aliyekataa kudharau namba isiyokaa sawa.

Mwenye Shaka

Mkuu umeandika vizuri, ila mimi naomba nipinge. Nyinyi watu wa sayansi mnabadili kauli kila kukicha. Tulivyokuwa wadogo vidonda vya tumbo tuliambiwa ni mawazo na pilipili, leo ni bakteria. Wakimbiaji waliambiwa wanywe maji mengi, leo wanaambiwa wasinywe sana. Dawa za asili mlizidharau, baadaye mnazichukua mnaziweka kwenye vidonge. Kwa nini nisiseme mnabahatisha?

Muuguzi wa Zamu

Naomba nijibu la vidonda, maana wagonjwa hao nawahudumia.

Robin Warren, mtaalamu wa kuchunguza tishu kule Perth, Australia, alikuwa anawaona bakteria wa umbo la kujipinda kwenye vipande vya ukuta wa tumbo. Wenzake wanamwambia tumbo lina asidi kali, hakuna kinachoishi humo. Mwaka 1982 yeye na daktari kijana, Barry Marshall, wakajaribu kuwaotesha. Sampuli za wagonjwa zaidi ya thelathini, hakuna kilichoota. Kumbe maabara ilikuwa inatupa sahani baada ya siku mbili, kwa sababu huo ndio ulikuwa utaratibu wa sampuli nyingine kama za koo. Ikafika Pasaka, watu wakaenda likizo, sahani zikabaki kwenye inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea, siku kama tano. Waliporudi wakakuta wameota. Bakteria yule anakua polepole tu, hana zaidi.

Marshall baadaye, 1984, alikunywa bakteria hao mwenyewe. Jambo ambalo watu hawalisimulii ni kwamba kabla ya kunywa aliingizwa kamera tumboni kuhakikisha hana uvimbe wala bakteria. Bila hilo, hata angetapika mwezi mzima asingethibitisha kitu. Siku chache baadaye akaanza kutapika, na kipande cha ukuta wa tumbo lake kikaonyesha uvimbe na bakteria wale wale. Tuzo ya Nobel wakapewa wote wawili mwaka 2005. Leo mgonjwa mwenye bakteria huyo tunampa dawa za wiki mbili hivi, antibiotiki zikiwemo, na wengi wanapona moja kwa moja. Zamani walikuwa wanakatwa sehemu ya tumbo.

Mleta uzi

Asante sana Muuguzi, hilo la kamera kabla ya kunywa ndilo lenyewe hasa.

Ndugu Mwenye Shaka, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Kauli inabadilika, kweli. Ila angalia inabadilishwa na nini. Kwa Warren na Marshall ilibadilishwa na siku tatu za ziada kwenye inkubeta.

La dawa za asili nalo lina mfano mzuri. Tu Youyou, mtaalamu wa dawa wa China, aliingizwa kwenye mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria ulioanzishwa 1967, kwa sababu dawa zilizokuwepo zilishaanza kushindwa. Kikundi chake kilipekua maelfu ya maelekezo ya waganga wa kale. Mmea wa Artemisia ulionyesha matumaini, kisha ukashindwa, ukaonyesha tena, ukashindwa tena. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: loweka konzi moja ya mmea kwenye maji, kamua, kunywa maji yake yote. Hakuna mahali palipoandikwa chemsha! Tu akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa unaua dawa. Akaacha kuchemsha, akakamua kwa etha, kimiminika ambacho kinachemka kwenye nyuzijoto 35 tu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikafuta vimelea vyote kwenye damu ya panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake walijaribu kwanza kwenye miili yao. Ndiyo artemisinini tuliyonayo kwenye dawa mseto za malaria.

Kwa hiyo mganga wa kale hakudharauliwa, alisomwa kwa makini kuliko wanavyomsoma wengi wanaojiita watetezi wake. Na niseme hili kwa msisitizo: kuchemsha majani ya Artemisia ukanywa kama chai si sawa na kumeza dawa mseto. Kiasi cha dawa kwenye majani kinatofautiana mmea kwa mmea, hujui umekunywa kiasi gani, na kipimo pungufu kinawafundisha vimelea usugu. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa njia hiyo, na mimi naungana nao kabisa.

La maji ya wakimbiaji nawaachia wanaokimbia waanze, nitarudi.

Mkimbiaji wa Jioni

Nipo mkuu. Mimi ni wa kilomita 42, si mwepesi, namaliza saa tano na kitu. Nimefundishwa kunywa kila kituo hata kama sina kiu. Mbio zilizopita nilimaliza kichwa kinapasuka, vidole vimevimba pete haitoki, natapika. Wenzangu wakasema nimekaukiwa maji, wakaniongezea chupa mbili. Hali ikawa mbaya zaidi. Nini kile?

Muuguzi wa Zamu

Ndugu yangu, vidole kuvimba baada ya kukimbia saa tano hapo ndipo pa kutia wasiwasi. Aliyekaukiwa maji havimbi vidole. Hukupimwa sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu?

Mkimbiaji wa Jioni

Hapana. Nilipumzika tu, nikakojoa sana usiku, asubuhi nikawa sawa.

Mleta uzi

Pole sana mkuu, na nashukuru umeandika, kuna mtu atasoma hapa akapona.

Siwezi kusema kwa hakika ulikuwa na nini bila kipimo, ila nakueleza kinachojulikana. Mwaka 2002 watafiti walichukua damu za wakimbiaji 488 waliomaliza mbio ndefu za Boston, majibu yakachapishwa 2005. Sodiamu kwenye damu inatakiwa isishuke chini ya milimoli 135 kwa lita. Asilimia 13 ya wale wakimbiaji walikuwa kwenye 135 au chini, na watatu walikuwa 120 au chini, kiwango ambacho mtu anaweza kupata degedege na kufa. Watu waliomaliza mbio kwa miguu yao!

Kiliwaponza nini? Kilichoonekana wazi kuliko vyote ni kuongezeka uzito. Mtu amekimbia kilomita 42, ametoka jasho, halafu amefika mwisho ana uzito kuliko alivyoanza. Maana yake amekunywa kuliko alivyopoteza. Walioko barabarani zaidi ya saa nne walikuwa hatarini kuliko wenye kasi, kwa sababu wana muda mwingi wa kunywa na jasho lao ni dogo. Na aina ya kinywaji haikuleta tofauti. Vinywaji vya michezo vina sodiamu kidogo sana ukilinganisha na damu, karibu sehemu moja kwa saba, kwa hiyo ukivinywa kupita kiasi bado unaizimua damu.

Kinachofuata ni kemia ya kawaida. Damu ikishazimuliwa, maji yanahamia kwenye seli kufuata chumvi iliyoko ndani. Msuli ukivimba una nafasi. Ubongo uko ndani ya fuvu, hauna pa kwenda. Kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa. Wakati wa mazoezi marefu mwili pia unatoa homoni inayozuia mkojo, kwa hiyo figo hazikusaidii kwa haraka. Zile chupa mbili za mwisho ndizo zilizokuwa hatari kuliko zote.

Muuguzi wa Zamu

Naongeza kwa walio kwenye huduma ya kwanza. Mkimbiaji aliyezimuliwa na mkimbiaji aliyekaukiwa wanaweza kulalamika maneno yaleyale. Ukikimbilia dripu kabla ya kupima sodiamu unaweza kummaliza. Mwenye dalili za ubongo anahitaji chumvi nzito kwa mshipa, asilimia 3, mikononi mwa daktari.

Mwenye Shaka

Sawa, hapo nimewaelewa. Lakini michezoni naona sayansi inatumika zaidi kudanganya kuliko kusaidia. Watu wanachoma sindano za damu.

Mleta uzi

Sindano hiyo ni erithropoietini, EPO. Inanisikitisha wanapoitaja kama dawa ya wadanganyifu tu, kwa hiyo niruhusuni.

Ni homoni inayotengenezwa na figo kuuamuru uboho utoe chembe nyekundu. Figo zikifa, amri inakatika, mgonjwa anaishi kwa kuongezewa damu. Eugene Goldwasser wa Chicago aliitafuta miaka ishirini na zaidi. Ilikuja kupatikana 1977 kutokana na lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani wenye upungufu mkubwa wa damu, ambazo mtafiti Takaji Miyake alizikusanya, akazikausha, akampelekea. Katika lita zote hizo walipata miligramu nane hivi za homoni safi. Kiasi kidogo mno! Kutokana na hizo ndipo jeni lake likapatikana, ikawezekana kuitengeneza kwa wingi, na kuanzia 1989 Marekani wagonjwa wa figo wakaanza kuipata rasmi.

Mwaka uliofuata ikapigwa marufuku michezoni, ila marufuku bila kipimo. Miaka kumi kila mtu anajua inatumika na hakuna awezaye kuthibitisha, kwa sababu ya dukani na ya mwilini ni karibu kitu kimoja. Tofauti iko kwenye visukari vilivyoning'inia juu ya molekuli, vinavyobadilisha kidogo chaji yake ya umeme. Maabara ya Ufaransa ikatumia tofauti hiyo: weka mkojo kwenye jeli, pitisha umeme, kila aina inasimama mahali pake kama mistari. Kipimo kilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Mwanariadha safi aliyeshindwa kwa miaka kumi na watu waliochoma sindano, huyo ndiye namfikiria kila ninapoweka sampuli mezani.

Mpima Anga

Nimechelewa, ila la kudharau namba linanigusa. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza kwamba ozoni, ile gesi ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua, juu ya kituo chao cha Halley, Antaktika, inaporomoka kila majira ya kuchipua. Walikuwa wanapima kutoka ardhini kwa vyombo vya mtindo uleule, wa Dobson, vinavyosoma mwanga wa jua, tangu miaka ya 1950. Farman alipoona namba zinashuka hakukimbilia magazetini, alihisi chombo kimezeeka. Akaleta chombo kipya. Kikasema vilevile. Ndipo wakaandika.

Wakati huo setilaiti ya Marekani ilikuwa inapita juu ya palepale kila siku. Ila programu yake ilikuwa imeelekezwa kuziwekea alama ya kosa namba zilizo chini sana, kwa hiyo shimo lilikuwemo kwenye data likiwa na alama ya kutiliwa shaka. Miaka miwili tu baadaye nchi zikasaini makubaliano ya Montreal kuzuia kemikali za majokofu zilizokuwa zinaila ozoni.

Mleta uzi

Umenikuna Mpima Anga. Farman alikishuku chombo kwanza, kisha akaiamini namba. Setilaiti iliishuku namba tu.

Mkimbiaji wa Jioni

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Kutokana na alichosema mleta uzi kuhusu kuongezeka uzito, nimejipima kabla na baada ya kukimbia. Leo nimekimbia saa mbili na nusu. Kabla: kilo 71.4. Nimekunywa kwa kiu tu. Baada, nimejifuta jasho, nguo zilezile za kupimia: kilo 70.6. Kichwa hakiumi, pete inatoka.

Mleta uzi

Safi sana mkuu. Mizani ulipanda mara ngapi?

Mkimbiaji wa Jioni

Mara moja moja.

Mleta uzi

Panda mara tatu kila upande, sakafu ngumu, mizani isihame. Na kabla ya yote weka juu yake kitu ambacho uzito wake unaujua, ndoo ya lita kumi za maji kwa mfano, utoe uzito wa ndoo. Ikisoma kilo 10 tuko pamoja. Ikisoma 10.8, hizo gramu 800 unazosema umepoteza inabidi tuziangalie upya.

Mkimbiaji wa Jioni

Naitafuta ndoo.